Usitandike Shuka Kabla ya Kuwasha Moto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nipitapo Kanamkemer, pale Lodwar, nikauona mwarobaini ulioegemea ukuta wa watu. Siku hiyo nilikuwa msichana wa kidato cha pili, mwenye haya nyingi, hata salamu ya mgeni niliijibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Kinywa kilikuwa kizito, kalamu ndiyo ilikuwa nyepesi. Kwa hiyo nisikilize polepole. Mengi ya leo ni yale ambayo siku ile niliyaandika tu, sikuyasema.

Ulikuwa mwaka wa 2013. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wameambiwa kuna mafuta huko kusini, kisha serikali ya kaunti ikaja na ofisi zake, na mji ukajaa wageni. Chumba ambacho zamani ulikipata kwa kumuuliza mwenye duka kikawa hakipatikani ila kwa ajenti.

Mama yangu alikuwa Kakuma, akiuza chai na mandazi karibu na kambi ya wakimbizi. Mimi nilikaa Lodwar kwa dada yake ili nisome. Mama mdogo hakunitesa, nisimsingizie. Ila watoto wake walikuwa wengi, na mtoto wa mwenzio hulala palipobaki. Mimi nilibakiwa na jikoni. Nikifumba macho, harufu ya mkaa ilinipeleka moja kwa moja hadi kwenye sufuria ya chai ya mama, nikajiuliza usiku ule anaongea na nani.

Likizo ya Agosti mama akapata kazi ya kupika katika shule moja ya Lodwar. Kazi ilikuwepo, ila pa kulala hapakuwepo. Asipopata nyumba kabla ya shule kufunguliwa, kazi ingepewa mwingine, naye angerudi Kakuma, nami jikoni.

Jirani yake wa biashara, Mama Nyibol, mwanamke wa Sudan Kusini aliyeishi kambini, alimshonea shuka la kuagana. Wao huliita milaya: kitambaa cheupe kilichodariziwa maua mekundu na ndege wawili wanaotazamana. Alipomkabidhi alimwambia, "Hii ni ya nyumba yako, dada. Si ya njiani." Mama alilibeba mapajani toka Kakuma hadi Lodwar, vumbi lisiliguse.

Nyanya naye akaja kutoka Lokori kutusaidia kutafuta. Kusaidia kwenyewe, nilidhani, kungekuwa kushika mizigo.

Ajenti wetu aliitwa Ekiru, kijana wa simu mbili na funguo tele kiunoni. Walikuwa wamekwisha kupatana na mama kwamba komisheni yake ni nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Akatupeleka Kanamkemer. Tulikuta mlango wazi, vyumba viwili vimepakwa rangi, na uani mwarobaini uliotupa kivuli hadi kizingitini. Kwa jua la kwetu, mwanangu, kivuli ni nusu ya nyumba.

Sijui nini kilinipata. Mimi niliyeogopa hata kukohoa mbele za watu nilifungua begi la mama, nikalitoa lile shuka na kulitandaza dirishani. Ndege wawili wakajaa mwanga. Mama akacheka, akaanza kuonyesha kwa mkono: kitanda hapa, jiko pale, na mtoto wangu atasomea hapa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afariki.

Ekiru alisimama mlangoni akitutazama. "Hiyo imekubali kabisa, mama," akasema. "Hii nyumba ilikuwa inangoja nyinyi." Halafu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, akaeleza kuwa komisheni sasa ni kodi ya mwezi mzima, ilipwe leo, na kuna ada kidogo ya miguu yake, ya kutuonyesha nyumba. Kuna dereva wa kampuni ya mafuta anaitaka. Tukikawia, inaenda.

Mkono wa mama ulikuwa umeshaingia kifuani kutoa kitambaa cha pesa. Nami, kimya kimya, nilikuwa nikimwomba Mungu autoe haraka.

Nyanya hakuwa ameingia ndani. Alikuwa ameketi chini ya mwarobaini, miguu ameinyoosha. Akamwita Ekiru akae. Wakasalimiana, ejok, ejok, na salamu za Kiturkana unazijua: za watu, za mbuzi, za mvua, za ukoo wa mama yako. Kijana alikuwa akitazama simu zake, lakini nani humkatiza mama mzee salamu? Zilipokwisha ndipo nyanya akasema, "Miguu yako nimeiona, ina vumbi. Ya miguu nitalipa. Lakini kwetu Lokori, mtu wa kati hapewi chake mbuzi akiwa bado kwenye kamba ya mwenyewe."

"Shosho, hapa si soko ya mbuzi. Hapa ni mjini."

"Basi huyu ni mbuzi wa mjini. Mwenyewe yuko wapi?"

Ekiru akasema mwenye nyumba yuko Kitale, yeye ndiye ameachiwa kila kitu.

Nyanya akatazama mikono yake. "Mimi nyumba zangu zote nimezijenga kwa hii. Sijawahi kumlipa mtu anionyeshe mlango. Lakini dunia imegeuka, sikatai. Nitakupa nusu, kama ulivyopatana na binti yangu. Na nitakupa siku atakayowasha moto humo ndani."

Kijana alicheka, si kwa ubaya. Akageuka kulitazama dirisha, shuka letu bado likipepea pale, kisha akatutazama sisi. Alikuwa ameshajua tumeipenda. "Shosho, moto sina shida nao," akasema. "Shida yangu ni leo."

Nyanya akajizoazoa, akasimama. Hakumtazama tena Ekiru, wala mama. Alinitazama mimi.

"Kunja shuka," akasema.

Nililikunja. Machozi yalidondokea ndege mmoja, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Tulirudi kwa miguu hadi tukavuka mchanga wa lugga, ule mto mkavu. Ndipo nyanya alipopunguza mwendo nimfikie. "Ulimpa moyo wetu aushike," akaniambia, "halafu ukataka atupunguzie?" Ni hayo tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sikumsifu mgema kwa maneno, nilimsifu kwa shuka. Lakini siku ile sikuona hekima yoyote. Nilimwona mzee mkaidi aliyeninyima mama. Sikula jioni ile, na niliyoyaandika kumhusu sitakusomea.

Kesho yake tukasikia dereva amelipa. Mama akarudi Kakuma kufunga biashara yake, au kuifungua upya, yeye mwenyewe hakujua. Shuka aliniachia. Nililala nalo jikoni likiwa limekunjwa vilevile, maana kulikunjua kungekuwa kama kusema jikoni ndiko nyumbani.

Shule zilikuwa zikikaribia kufunguliwa Ekiru alipofika langoni kwa mama mdogo, peke yake, akauliza kama shosho bado yupo. Alikuwa na chumba kimoja huko nyuma ya mji, mabati matupu, hakina mti. Mwenyewe ni mama mmoja anayeishi ua huo huo. Nyanya akamuuliza masharti ni yapi. Kijana akajikuna kisogo.

"Ni ya moto," akasema.

"Ya moto," nyanya akaitikia, na hapo ndipo nilipowaona wote wawili wakicheka.

Mama alifika kwa gari la asubuhi. Nyanya akakutana na mwenye nyumba, wakasalimiana hadi mimi nikachoka. Ufunguo ukatiwa mkononi mwa mama. Kisha nyanya akachota makaa mekundu jikoni kwa mama mdogo, akayabeba kwenye mkebe akiyapuliza njia nzima, akayamimina katika jiko letu. Maji ya chai yalipochemka akamwita Ekiru, akampa nusu yake bila kupungua, na kikombe cha kwanza. Alikunywa amesimama, jasho likimtoka, maana chumba kilikuwa tanuri.

Ndipo nyanya aliponigeukia. "Sasa tandika."

Usiku ule nilishindwa kulala kwa sababu ya pumzi ya mama karibu na sikio langu. Nilikuwa nimesahau mtu huwa anapumua vile.

Mwanangu, nawe utatafuta nyumba. Patana komisheni kabla hujauona mlango, mbele ya mtu mwingine, na ukishauona usiache macho yako yakupandishie bei. Ukiambiwa kuna mwingine anakuja, mwache aje. Usitoe kitu kabla hujajua mwenye nyumba ni nani na kabla ufunguo haujalala kiganjani mwako. Uwe tayari kukunja shuka, japo utalia. Lakini ajenti usimtukane, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Naye anatembea juani. Moto ukiwaka, mpe chake chote, na chai.

Na nikuambie ukweli wote: mpaka leo nautamani ule mwarobaini. Pengine shuka lingebaki begini ungekuwa wetu, na pengine mama angezeekea kivulini. Nyanya amelala Lokori, na mikono ile iliyojenga nyumba zote haijengi tena. Kuwa sahihi kwake hakukuniondolea hamu. Kumenifundisha tu kukaa nayo kimya mpaka wakati wake.

Akuj, Mungu wetu, akupe mlango unaofungwa kwa ndani na watu wako wote wakiwemo. Mvua ikukute nyumbani. Moto wako usiombe makaa kwa jirani ila kwa upendo, na jirani akija na mkebe, asirudi na mkebe mtupu.