Jumamosi za Kuosha Magurudumu

Baba yangu aliendesha magari ya serikali kwa miaka mingi, mingine kabla ya bendera kubadilishwa na mingine baadaye, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akijivunia kuendesha. Kuendesha, alisema, hata mbuzi angefundishwa kama miguu yake ingefika kwenye pedali. Alichojivunia ni kuosha. Na katika kuosha, magurudumu.

Mimi nilisoma hadi chuo kikuu, nikaandika tasnifu ndefu ambayo leo siwezi kuieleza bila kupiga miayo, nikarudi Nyeri kufundisha katika chuo kimoja, nikanunua gari kuukuu la kijivu. Kuliosha sikujua. Nilidhani ni maji na sabuni tu. Jumamosi ya kwanza nililipeleka kwa wazee wangu, nje kidogo ya mji, na mara tu niliposhuka nikachota maji ya pipa, yaliyolala nje usiku kucha, nikalimwagia gurudumu la mbele. Chuma kilitoa mvuke. Baba alitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi.

"Wewe profesa," alisema, "hiyo kitu imeshuka mlima saa hii, iko na moto kama jiko. Unamwagia maji baridi ipasuke?"

"Sikujua, baba."

"Ati hakujua. Miaka hiyo yote shuleni ulikuwa unasoma nini?"

Ni swali zuri. Bado nalitafutia jibu.

Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Alikuwa amestaafu na kupewa saa ya ukutani na shamba la chai lisilomtaka, maana mama ndiye aliyelijua. Gari langu likamrudisha kazini. Nyumbani tulizungumza Kikuyu, lakini akishika brashi alihamia Kiswahili, kile cha gereji za serikali, kwa sababu kazi ilimfikia katika lugha hiyo na hakuona haja ya kuitafsiri.

Alinionyesha kila kitu, na mimi niliyezoea kufundisha wengine nikasimama na kalamu mfukoni. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono juu, jiwe mbele ya tairi na jiwe nyuma. Gurudumu lingojewe lipoe; aliligusa kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyopima homa ya mtoto. Magurudumu huoshwa kwanza, mwili wa gari baadaye, na ndoo yake iwe kando, na kitambaa chake kando, kwa sababu mchanga wa gurudumu ukipanda kwenye rangi unachora kama kucha za paka. Ule unga mweusi wa breki usipulizwe ukiwa mkavu. Uloweshwe taratibu, uso ukiwa mbali. "Hii vumbi hapana ya kifua," alisema. Steelwool ya kusugulia sufuria, hapana. Maji ya betri, ambayo madereva wavivu walitumia kung'arisha rimu, hapana kabisa. Na mafuta yasikaribie gurudumu, hata tone. Mwisho, gari litembezwe polepole hadi kwenye lango na kurudi, breki zikiguswaguswa, zikauke kabla ya kukutana na mteremko.

Kwa miaka kadhaa gari langu lilikuwa na magurudumu safi kuliko ya mkuu wa chuo. Wenzangu walinicheka. Walisema nimeoa gari. Nilinyamaza, kwa sababu kusema kwamba baba yangu wa miaka sabini ndiye mwoshaji wangu kungenifanya nionekane nilivyokuwa.

Kisha baba akaanza kusahau yale mawe ya tairi. Nikayaweka mwenyewe bila kusema neno. Halafu Jumamosi moja ya matope mekundu, nilipotoka Murang'a kwenye mazishi, nilimwona akiosha gurudumu la nyuma upande wa kushoto, akasimama, akazunguka gari zima akipiga mluzi, akarudi akachuchumaa pale pale na kuliosha tena kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Aliliosha mara tatu. Yale mengine yalibaki na tope lake. Nilipofika njiani kuelekea mjini niliegesha kando, nikayaosha kwa maji ya mfereji. Nilijiona mwana mwema sana.

Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima: yeye akiosha, mimi nikirudia kwa siri. Ndoo mbili zikawa moja. Rangi ya mlango ikachorwa mistari. Nikasema gari ni kuukuu, nani anajali?

Halafu Jumatatu moja nilikuwa nikitelemka kuelekea daraja la mto, nikakanyaga breki, na gari likavutwa kulia kama ng'ombe aliyeona majani. Lilipanda ukingo na kukaa ndani ya mahindi ya mtu. Sikuumia. Aliyeumia ni mwanamke mwenye shamba, aliyekuwa akipalilia, na kwake ilikuwa hasira tu: mita nne zaidi na ingekuwa jambo lingine. Fundi alifungua gurudumu la mbele upande wa kushoto, akaingiza kidole, akakitoa cheusi, kinateleza.

"Nani amemwaga oili ndani ya breki?" aliuliza.

Nilisema sijui. Wiki ile ile mama alinionyesha kopo la oili nyuma ya jiko.

"Baba yako alisema breki ilikuwa inalia," mama alisema. "Akaipa mafuta kupitia tundu la gurudumu. Alifurahi sana, ikanyamaza."

"Mama, nusura niue mtu. Hawezi kuligusa tena."

"Najua." Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Lakini ukimnyima hiyo, siku zote sita anangojea nini?"

Mtu mwenye akili angeketi na baba yake, akamwambia ukweli, au angechuchumaa kando yake kila Jumamosi na kuosha naye. Mawazo hayo yote mawili nilikuwa nayo. Nikachagua la tatu, la msomi: nikaliacha gari kwenye maduka ya barabarani na kwenda nyumbani kwa miguu.

"Gari iko wapi?" aliuliza. Ndoo ilikuwa tayari, kitambaa kimekunjwa juu yake.

"Iko gereji."

Jumamosi iliyofuata, gereji. Iliyofuata, gereji. Ya nne alikuwa amevaa lile koti lake la kazi la khaki, vifungo vyote vimefungwa, na ndoo ilikuwa imejaa tangu asubuhi. Nilichoka kuiona ile ndoo. Nikasema nimeliuza.

Baba akavua kofia, na alipozungumza hakutumia Kikuyu.

"Sasa mimi nimefukuzwa, bwana?"

"Baba, ni mimi."

"Ndiyo, bwana. Lakini hakuna siku nilileta gari chafu. Uliza mtu yeyote. Nilikosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Mtu hapana fukuzwa bure." Alisema hivyo kwa upole, akinisaidia. "Sawa. Basi nipatie barua. Dereva akitoka bila barua, watu wanasema ameiba."

Nilimtazama mama mlangoni. Aliniashiria kwa kidevu: andika. Nikachana ukurasa kwenye daftari la kusahihishia mitihani, nikaketi kwenye kigoda, nikaandika juu ya goti. Niliandika kwamba amefanya kazi kwa uaminifu, kwamba ni msafi, halewi, anajua magari kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Nikatia sahihi. Nikamsomea.

Aliichukua, akaishika mbali na macho, akafuata mistari kwa kidole hadi chini.

"Hakuna pale imeandikwa kwa nini natoka," alisema.

"Nafasi imekwisha."

Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe.

"Nafasi iko, bwana," alisema. Akanirudishia karatasi, akaweka kidole hapo, akangoja.