Ndala Kando ya Jeki

Mimi ni fundi magari hapa Chang'ombe, Dodoma, na nimechoka. Mtu aliyechoka hivi hana nguvu za kutunga uongo. Kwa hiyo haya yalinikuta mimi mwenyewe, akili zikiwa timamu, au karibu na hapo.

Lilikuwa gari la zamani la mwalimu mmoja wa Chamwino. Barabara za huko zilikuwa zimemaliza bushi zote za nyuma, zile raba za kuzuia vyuma visigongane, gari likawa linagonga kama sufuria tupu. Mimi na mwenzangu Yohana tulishinda juani tukirudishia springi, shokapu na bushi mpya, maana mwalimu alilitaka alfajiri. Jua lilipozama, Yohana akaenda kununua chipsi. Mimi nikaegemea pale pembeni, nikafumba macho kidogo. Kidogo tu, nakuapia.

Sasa, gereji kwetu kuna desturi moja. Anayeingia chini ya gari huvua ndala na kuziacha kando ya jeki, ili wote wajue kuna mtu mle. Ndala zikiwepo, hakuna anayegusa jeki.

Nilipofumbua macho, ndala zilikuwepo. Nikajua Yohana amerudi. Mkono uliojaa grisi ukatokea chini ya gari.

"Nipe kumi na saba."

Nikampa spana. Nikasikia nati zinakazwa taratibu, na mtu anahema kwa shida.

"Shusha gari," akasema.

"Toka kwanza, bwana."

"Bushi hazikazwi gari likining'inia. Shusha, nimechoka."

Na ni kweli, bushi humaliziwa kukazwa uzito wa gari ukiwa umeshuka. Fundi yeyote atakuambia. Basi nikachuchumaa, nikashika jeki. Unashangaa? Basi hujawahi kuchoka wewe. Kuna uchovu ambao ukiambiwa fanya, unafanya tu.

"We! Unashusha gari halina tairi?"

Niligeuka. Yohana alikuwa amesimama nyuma yangu, mfuko wa chipsi mkononi, ndala zake miguuni. Tairi za nyuma zilikuwa bado zimelazwa pembeni. Ndizo nilizokuwa nimeziegemea. Ningefungulia ile jeki, gari lingemlalia mtu kifuani.

"Yohana, sasa nani yuko chini?"

Tukamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu. Spana ilikuwa kwenye vumbi, nati zimekazwa nusu. Yohana akaokota zile ndala, akazitazama, kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa peku. Ndala ya kushoto ilikuwa na waya pale mkanda ulipokatika, na ule waya niliufunga mimi kwa mikono yangu. Ndipo nikaitambua na ile sauti: ilikuwa yangu. Niliogopa mpaka nikalia, sioni aibu kusema.

Mwalimu alichukua gari lake, na hadi leo halijagonga tena. Mimi siingii chini ya gari. Yohana ndiye anayeingia, nami nakaa kando ya ndala zake mpaka atoke. Mke wangu anasema usiku nikiwa usingizini naomba kitu kimoja tu: nishushiwe gari.

Kwa hiyo nisikilize. Ukichoka, nenda nyumbani, mwenye gari na anune. Usingoje mpaka ujikute umelala mwenyewe chini ya gari, unajiomba ujimalizie.