Nilipeleka maji ya mtani wangu maabara, nikaumbuka mimi

Wakuu, heshima kwenu. Kisa hiki kinaniaibisha mwenyewe, kwa hiyo msiseme nimetunga.

Nakusanya sampuli za maji kwa mkataba. Safari hii ilikuwa maji ya chupa, Kigoma mjini na Ujiji. Tunatafuta zile kemikali zisizooza, zinazowekwa kwenye makoti ya mvua, vikaango visivyogandisha chakula, hata baadhi ya losheni.

Masharti yake kama ya mganga. Hujipaki kitu, huvai koti la mvua, glovu muda wote. Na unabeba chupa moja ya maji safi ya maabara, unaifungua na kuifunga palepale dukani. Ikirudi na kemikali, mchafu ni wewe.

Bosi alishasema, nikiharibu mkataba umeisha.

Asubuhi natoka kwa shangazi, Ujiji, nimepauka kama nimelala kwenye unga wa muhogo. Akaziba mlango.

"Baba, utoke kwangu hivyo, watu waseme shangazi yako hana hata mafuta?"

Nikamweleza sayansi yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanikamata mikono akanipaka losheni hadi viwiko. Kama kuna mtu humu anaweza kubishana na shangazi yake, anifundishe. Nikajifariji kwamba glovu zipo.

Duka la kwanza ni la Hamisi, Kasingirima. Tumesoma wote, kutaniana ndiyo salamu yetu. Nikamtangazia mbele ya wateja, "Maji yako leo yanakwenda kupimwa. Anza kutafuta mtumbwi Kagunga, ukavue dagaa duka likifungwa."

Watu wakacheka. Yeye akaendelea kupanga katoni zake.

Maji yake nikachukua na glovu, safi kabisa. Ikabaki ile chupa ya maabara. Nikavua glovu nijipige selfie ya kumchoma Hamisi kwenye status, nikaifungua kwa mkono mtupu. Si maji yetu wenyewe, nani atayachafua?

Majibu yakatoka, bosi akapiga. "Maji ya duka hayana shida. Chupa yako ndiyo ina kemikali. Ulijipaka nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nikakumbuka bosi naye huwa anaona status zangu, na mikono kwenye ile picha inang'aa kama sambusa. Nikaungama. Roho iliniuma, wakuu, ile kazi naipenda.

Akanipa nafasi moja. Nirudie, na mwenye duka asaini kwamba aliniona na glovu mwanzo mwisho.

Yaani mkataba wangu ukawa kwenye kalamu ya Hamisi.

Nikarudi nimepauka, mpole. Akaisoma karatasi kwa sauti, wateja wote wasikie. Akaingia ndani, akatoka na beseni na chupa moja ya maji yake.

"Nawa kwanza, mtaalamu. Haya yamepimwa."

Nikanawa, nikavaa glovu, nikarudia yote mbele yake. Akasaini.

Nilichojifunza: kabla hujanusa chupa ya mwenzio, nusa mikono yako.

Na wewe uliyewahi kuumbuliwa na kipimo chako mwenyewe, shuka hapo chini tuchekane. Hamisi, najua upo humu. Wewe usikomenti.