Mgongo wa Ijumaa

Mume wangu alianza kuoga peke yake Ijumaa moja ya masika. Mpaka siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya adhana, mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Nilimchanganyia maji ya moto na ya baridi, nikamsugua mgongo kwa dodoki, nikamnyoa pa kunyolewa, nikampaka mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe. Ndivyo kungwi wangu alivyonifunda: mwili wa mumeo ni shamba lako, ukiacha kulitembelea utakuta nguruwe wamekwisha kula. Ijumaa ile aliipokea ndoo mlangoni mwa bafu letu la makuti, akavuta pazia la gunia na kusema, "Leo nitajimudu."

Nilidhani ana mwanamke. Nani asingedhani? Akahamia kulala ukumbini, akidai chumbani kuna joto. Akaanza kufua nguo zake, yeye ambaye hata kitambaa cha jasho hakuwahi kukisuuza. Wakati ule alikuwa na kibarua Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi, kupakua mizigo ya jikoni, kazi ambayo wenzake waliililia. Akaiacha, eti msimamizi ana mdomo mchafu. Nilinuna wiki nzima. Sikujua kwamba ovaroli waliyopewa haikuwa na pa kufichia kitu.

Nilijua siku upepo ulipompata uani akiwa na msuli mwembamba. Lilikuwa busha, upande wa kulia, kubwa kama nazi iliyofuliwa. Wivu wangu wote ukaniishia nikabaki na huruma, na huruma yenyewe sikuwa na pa kuiweka, maana jambo hilo halitajwi. Kwetu busha lina majina mengi ya utani na halina hata moja la heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu wangu alificha mpaka mgongo.

Na kwetu kila mtu anajua busha linatoka wapi: kwenye madafu. Basi akayaacha. Mtu aliyekuwa akimaliza manne kwa kikao kimoja akawa anapita chini ya minazi yake mwenyewe bila kutazama juu, na binti yetu akikata dafu anamfokea. Miaka ikapita, busha likakua. Nilikuwa namsikia akijigeuza ukumbini, ukuta mmoja tu katikati yetu, nikautamani ule mgongo mpaka machozi. Sioni haya kuliandika hilo. Sisi wanawake tunafundwa kuwapa waume raha, halafu tunatarajiwa tusiikumbuke.

Wapiganaji walipouvamia mji wetu wa Palma tulikimbilia kijiji cha Nhica kwa miguu, pamoja na majirani. Yeye alitembea ametanua miguu, mkono mmoja ameshikilia msuli. Majirani wakatuacha. Akaniambia nitangulie na binti, yeye atafika. Nikamwambia atembee. Nilibaki nyuma yake njia nzima nikiutazama mgongo wake, shati limegandamana nao kwa jasho, nikaapa kwamba tukirudi salama nitalisema lisilosemwa.

Tulirudi, nami nikakaa miezi bila kulisema; kiapo cha njiani ni rahisi. Kisha nikasikia kisimani kwamba kikosi cha waganga wa upasuaji kimefika tena wilayani, wanatoa mabusha, na kwamba mvuvi mmoja wa mtaa wa pili alipasuliwa mwaka uliopita na sasa mkewe ana mimba. Mimba ile ndiyo iliyonipa ulimi. Nilimtengea mume wangu wali, nikakaa mlangoni asipate pa kupitia.

"Baba watoto," nikamwambia, "nimechoka kuwa mjane wa mume aliye hai."

Hakukasirika, na ni heri angekasirika. Aliutazama wali mpaka ukapoa. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo anachokiogopa: watamkata vyote, atoke kule kama beberu aliyehasiwa, ananenepa tu na hana kazi zizini. "Hivi nilivyo," akasema, "angalau nipo."

Nikamjibu kwamba kama yupo, mbona mimi simwoni.

Tulikwenda. Tulipokewa na tekniko, yaani mtaalamu wa upasuaji, kijana wa kabila la Wamwani ambaye ningeweza kumzaa, na mume wangu akaugeukia ukuta kama mwari. Ikabidi niulize mimi kama atabaki mwanamume. Kijana hakucheka. Alituchorea kwenye karatasi. Korodani imo ndani ya mfuko, akaeleza, na ndani ya mfuko huo maji yamejaa. Wao huyatoa maji na kuushona mfuko usijae tena, korodani inabaki mahali pake. Na maji yale hayakutoka kwenye nazi. Ni mbu: humuuma mwenye vijidudu, kisha humuuma mwingine, miaka nenda miaka rudi, hadi vijidudu vikaharibu njia za maji mwilini. Kinga ni kulala ndani ya chandarua na kumeza vile vidonge vinavyogawiwa nyumba kwa nyumba. Tena mwanamume ajipapase aogapo, na akihisi uvimbe au uzito aje mapema, asingoje mpaka atafute kanzu pana.

Mume wangu akageuka kutoka ukutani. "Kwa hiyo madafu?"

"Kunywa tu, mzee."

Akanitazama. Nami nikaiinamia ile karatasi, maana chandarua chetu nilikuwa nimekizungushia miche ya mchicha, kuku wasiidonoe.

Alipasuliwa kesho yake, kwa ganzi ya mgongoni. Akatoka na vyote. Alihakikisha mwenyewe kabla hajaitikia salamu yangu. Tuliambiwa kidonda kikae kikavu, asibebe mzigo, avae chupi ya kushikilia, na mambo ya chumbani yasubiri wiki sita. Nikasubiri. Aliyengoja miaka hashindwi na wiki.

Kwa ajili ya kidonda alijifuta mwenyewe kwa kitambaa. Kidonda kikafunga, wiki sita zikapita, na ya saba, na ya nane. Alirudi kulala chumbani, chini ya chandarua ambacho pindo zake bado zilikuwa na udongo wa mchicha, lakini alilala ukingoni, na Ijumaa aliendelea kuoga peke yake. Nadhani mwili ulipona kabla ya mwenyewe. Nami sikutaka kuomba. La kwangu nilikwisha kulisema mara moja. Nilichofanya ni kukata dodoki jipya pale uani, nikalimenya na kulitundika kwenye msumari wa bafuni, usawa wa macho yake.

Lilikaa hapo Ijumaa tatu, kavu.

Ijumaa ya nne nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia maji yakimwagika bafuni, kisha kimya.

"Mama watoto," akaita, "dodoki liko wapi?"

Niliiacha mbuzi na nazi yake papo hapo, kuku wakaikimbilia. Nilipovuta pazia la gunia nilimkuta amekwisha kunipa mgongo, na dodoki analo mkononi.