Yesu Hakuenda Roma

Asubuhi ya Pasaka nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikaenda moja kwa moja kufundisha watoto kanisani kwetu Laeken, huku ughaibuni. Macho yalikuwa yananiwasha kwa usingizi. Nikawaeleza kwamba Yesu alikufa, akazikwa, kisha akafufuka. Wanawake walipofika, wakakuta kaburi tupu.

"Alikuwa ameenda wapi?" nikawauliza.

"Roma!" wakajibu wote.

Shuleni huku wameambiwa kwamba kila Pasaka kengele za makanisa huruka hadi Roma na kurudi na mayai ya chokoleti.

"Bon, haya, Yesu si kengele!" nikafoka. Nikaanza upya, jiwe, kaburi, wanawake, safari hii nimekaa, na usingizi ukanipitia. Mkono mdogo ukanigusa shavuni.

"Maman," msichana wa mbele akaninong'oneza, "fufuka."