Kuku wa Kuniita Jina

Asubuhi ile ya bato, meli ya kwenda Moba, naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka. Mimi si mzee, bado nabeba mdogo wako mgongoni. Lakini aibu inazeesha, na kwa jambo hili nina mvi za kutosha kukupa nasaha.

Juzi nilimsikia baba yako akikusimulia kwamba siku ile freni za gari zilikatika, bahati mbaya tu. Nilikasirika mpaka nikaacha sufuria iungue. Bahati mbaya haiendeshi gari. Niliyeendesha ni mimi.

Ulikuwa mdogo, umekaa nyuma na babu yako, mzazi wa baba yako. Ndugu ya babu alikuwa amekufa Moba, na bato lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo. Akilikosa, amekosa maziko. Tulipita kwanza Katanika kwa shangazi yako kuchukua gunia la unga wa matanga. Pale nilisimama penye mwinuko, nikavuta freni ya mkono. Wakati wa kuondoka niliishusha nusu. Taa nyekundu ikabaki inawaka mbele yangu, sikuijali. Gari letu lilivuka ziwa kutoka Kigoma likiwa limechoka tayari, taa zake zinawaka kila siku kama Noeli. Nani angeuliza moja?

Unajua desturi ya kwao baba yako: mukwe na mukamwana hawaitani jina, hawasemeshani uso kwa uso. Tangu niolewe, babu hakuwahi kunielekezea neno. Yote yalipitia kwako. Basi, tulipoacha Katanika gari likawa zito, kama kuna mtu analishika nyuma, na harufu ikaingia, kali, kama pembe ya ng'ombe iliyoangukia motoni.

"Mujukuu," babu akasema taratibu, "uambie mama yako kuna kitu kinaungua."

"Mama, babu anasema kuna kitu kinaungua."

"Mwambie babu ni watu wanachoma matofali."

Tukaenda. Harufu ikazidi.

"Mujukuu, uulize mama yako, njo tanuru gani hiyo inatufuata njia yote?"

Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na permi mpya ya kuendesha na haraka ya bato, na nilidhani mzee ananipima kama mwanamke anaweza kushika usukani. Nikatoa neno ambalo sijalirudia mbele ya mtu tangu siku ile:

"Mwambie babu, kama anataka kuendesha, aje akae hapa."

Ukafungua mdomo ulifikishe. Babu akakufunika midomo kwa kiganja. "Acha, mujukuu. Nimesikia."

Kwenye mteremko wa kushuka bandarini nikakanyaga freni. Pedali ikazama mpaka chini, laini kama bukari sahanini. Mbele yetu akina mama walikuwa wanavuka na mabeseni ya ndagala wa ziwani kichwani.

"Nyota!"

Jina langu. Kutoka kinywani mwa mukwe wangu.

"Nyota! Simamisha! Utaua watu!"

Nikarudisha vitesi mpaka gia ya kwanza, injini ikalia kama mbuzi, nikaelekeza gari kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba iliyokuwa inajengwa. Tukazama humo, tukasimama. Mama mmoja wa ndagala akanifuata dirishani. "Weye mama! Mchanga uliuona, sisi hukutuona?"

Hapo ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya harufu ilipoanza. Nilizima injini. Nikafungua kapo, kifuniko cha injini: hakuna moshi, hakuna mafuta yaliyomwagika, nyaya nzima. Nikazunguka gari nikisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Ya mbele yalikuwa na joto la kawaida. Ya nyuma yalikuwa moto wa makaa, na harufu ilikuwa pale. Nikarudi ndani, nikaona mkono wa freni umesimama nusu. Freni ilisugua njia nzima, ikawaka, mpaka mafuta yake yakachemka na pedali ikafa. Fundi wa ile nyumba akaja na ndoo ya maji, nikamzuia, maana chuma kilichoiva hupasuka ukikimwagia maji. Nikaushusha ule mkono mpaka mwisho. Dawa ilikuwa hiyo tu, na kungoja chuma kipoe.

Tukingoja, bandari bado mbali kwa miguu ya mzee, bato likapiga honi. Babu alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, akalitazama likienda. Ndugu yake alizikwa bila yeye.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu zima. Aliyevunjika ni mkuu.

Jumapili iliyofuata babu alikuja, akasimama uani, kuku mweupe kwapani. Kwao, mukwe akivunja mwiko analipa kuku. Akakukabidhi wewe.

"Mujukuu, mpe mama yako. Mwambie nilimwita jina lake njiani, mbele ya watu. Nilikosa. Anisamehe."

Yeye! Nilitaka kupiga kelele. Lakini kuku wa namna hiyo hakataliwi, kumkataa ni kusema hujasamehe. Nikapiga magoti, nikampokea kwa mikono miwili, machozi yanadondokea manyoya. Nikakutuma: "Mwambie babu kosa ni langu. Mwambie lile neno la garini, mwambie bato, mwambie ndugu yake..." Ulikuwa mdogo, hukuweza kubeba yote. Ulifikisha nusu. Nusu nyingine ninayo mpaka leo.

Mwanangu, utakaposhika usukani na harufu ikakujia, usiitafutie jirani wa kumsingizia. Simama kwanza, uchelewe. Zima injini, fungua kapo, angalia nyaya, angalia mafuta, pima joto la magurudumu, tazama mkono wa freni. Taa ikiwaka, iulize. Na mtu asiyeruhusiwa kukupigia kelele akikunong'oneza, msikie kabla ya wote, kwa maana heshima inafunga mdomo, haifungi pua.

Mungu akupe pua kali na shingo laini, mwanangu. Na kila utakayembeba, umfikishe kwa watu wake kabla hawajafukia kaburi.