Karatasi za Gugumaji za Mwalimu Teodora

Mwalimu Teodora alikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa wale waliofunzwa harakaharaka miaka ya sabini ili kila mtoto apate shule, na walimu vijana wa pale shuleni Igogo, kando ya ziwa, hawakumwacha asahau hilo. Yeye alicheka tu. Lakini mwaka ule wa tisini na saba serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na Mwalimu Mkuu Mashimba alimweleza bila kuzunguka: Ijumaa mkaguzi anakuja kutazama somo lake. Asiporidhika, jina lake linaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Mwingine angechagua somo jepesi, la kuimba jedwali la saba. Teodora, kichwa kigumu kama kawaida yake, akachagua kutengeneza karatasi! Madukani daftari zilijaa, zenye picha za magari ya kifahari, ila wanafunzi wake wa darasa la nne waliandika mpaka kwenye majalada. Na ziwani gugumaji lilikuwa limeziba ufuko mzima, wavuvi wakililaani asubuhi na jioni. Basi akasema adui huyu wataandika juu yake.

Jumatatu watoto walikata mashina ya gugumaji vipande vidogo, wakayachemsha na majivu mpaka yakalainika. Jumanne wakasuuza, wakatwanga kinuni hadi nyuzi zikaachana, zikawa rojo kama uji. Jumatano wakalikoroga rojo kwenye beseni la maji, wakalichota kwa vipande vya chandarua vilivyowambwa kwenye fremu za miti, wakakamua, wakaanika juu ya mawe nyuma ya shule. Karatasi hamsini. Teodora alirudi nyumbani akiimba.

Alhamisi zilikuwa bado tepetepe. Jua linalokausha dagaa kwa siku moja limeshindwa na karatasi? Ijumaa asubuhi akakuta mbuzi sita wa jirani juu ya mawe, wanajilamba midomo. Hakikubaki hata kipande cha kuwashia jiko. Alikaa chini akalia, tusimfiche.

Msichana mmoja, Ayoo, akamsogelea polepole. Mama yake alitengeneza kayabo, sangara wa chumvi, na Jumatano Ayoo ndiye aliyeachwa kulinda beseni wenzake walipofuata fremu.

"Shikamoo, Mwalimu. Chumvi niliweka mimi. Vikombe viwili."

"Chumvi! Ya nini, mwanangu?"

"Mama anasema kitu kilichotoka ziwani, usipokitia chumvi, kinaoza."

Teodora hakujua acheke au achape. Kabla hajaamua, mkaguzi, Bwana Nkwabi, alikuwa ameshaingia darasani na faili lake kwapani, Mwalimu Mkuu nyuma yake, ikabidi wote wakimbilie ndani.

"Haya, mwalimu, karatasi ziko wapi?" aliuliza mkaguzi akisoma andalio la somo.

Mwalimu Mkuu akatazama paa. Teodora akamwona Ayoo ameinamisha kichwa, na moyo wake ukamwambia la kufanya.

"Zimeliwa na mbuzi, mzee. Nilitia chumvi kwenye rojo. Kosa ni langu."

Nkwabi akaandika, akaandika, kalamu haipumziki. Miaka ishirini na mbili ya ualimu, Teodora aliwaza, inaishia tumboni mwa mbuzi.

Ndipo Ayoo akasimama bila kuitwa.

"Mwalimu amesema uongo. Chumvi niliweka mimi."

Nkwabi akaweka kalamu chini.

"Na chumvi ina ubaya gani?"

"Inavuta maji, mzee. Karatasi haikauki. Halafu inaita mbuzi."

"Majivu je? Nayo si yanaharibu?"

"Hapana! Majivu yanalainisha shina, nyuzi ziachane. Ukishatwanga unazichota, zinashikana upya, maji yanapita kwenye chandarua. Hiyo ndiyo karatasi. Tukipewa siku nne tutakuonyesha, bila chumvi."

Nkwabi akachukua kalamu, akafuta mistari yote aliyokwisha kuiandika.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "huyu mama asiguswe. Ijumaa ijayo narudi kuziona hizo karatasi."

Alipotoka, Teodora alimshika Ayoo bega, akamwambia kwamba kwa kumwita mwalimu wake mwongo mbele ya mgeni, atadeki darasa wiki nzima. Halafu akamvuta kifuani, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa.